Chipu ya Saa na Kanzu ya Bwana Harusi

Siku kumi na tisa kabla ya harusi ya mwanangu, kompyuta yetu ya darizi ilipoteza akili. Sisemi ilikufa. Kufa ningeelewa. Iliwaka vizuri, ikapiga ule mlio wake mmoja, feni ikazunguka, halafu ikaandika kwenye kioo kwamba haijui tarehe, haijui saa, wala haijui kama ina diski tumboni. Ilidai tuko mwezi wa kwanza mwaka 1980, wakati ambao mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi wa babu yangu Endabash na sijawahi kuishika hata redio. Nikaijaza kila ilichouliza, nikahifadhi. Ikajizima, ikajiwasha, ikaniuliza tena yale yale kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

Nina chumba cha darizi hapa Karatu mjini, nyuma ya duka la mume wangu. Yeye mbele anauza misumari, bawaba, kufuli na mabati. Mimi huku nyuma natia nembo kwenye sweta za shule, majina kwenye mashati ya madereva wa utalii, na darizi kwenye shingo za kanzu. Mashine yangu ya kudarizi ni ya zamani, na inapokea maelekezo kutoka kwa kompyuta ya zamani zaidi, kwa njia ya disketi, zile bapa za plastiki ambazo wanangu walipokuwa wadogo walizifanya sahani za kuchezea. Watu hunicheka. Mwanangu huyo anayeoa anaendesha watalii kushuka kreta ya Ngorongoro, na mara nyingi wakirudi huwapitisha dukani waione kompyuta ya mama yake. Wapo waliopiga nayo picha wakiwa wameikumbatia. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha. Kitu kinafanya kazi yake kila siku. Unataka kikufanyie nini tena?

Sasa kilikuwa hakifanyi, na ndani ya diski yake kulikuwa na nakshi ya shingo ya kanzu ambayo haiko mahali pengine popote.

Nakshi hiyo ni ya mama mkwe wangu. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, na alijifunza kudarizi kwa mkono kutoka kwa shangazi yake, kabla hajaolewa na kuletwa huku kwenye baridi. Alimdarizia mumewe kanzu ya harusi, akawadarizia wanawe wa mwanzo, na ya mume wangu aliimaliza asubuhi ya siku ya ndoa yenyewe, watu wakiwa wameshafika na masufuria ya pilau yako motoni. Macho yake yalipoanza kuchoka, sisi ndiyo kwanza tulikuwa tumenunua mashine. Akaketi karibu yangu wiki tatu, kanzu ya mume wangu mapajani, akinisomea mshono mmoja mmoja kwa kidole: "Tatu kulia. Moja chini. Rudi." Mimi nikaandika. Tangu hapo kila mwanamume wa ukoo huu ameoa akiwa na shingo hiyo: mashemeji zangu wadogo, watoto wao, wote. Aliyebaki alikuwa kitinda mimba wangu. Na mama siku hizi anaona mwanga na kivuli tu.

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kabisa. Kompyuta isipoamka, mwanangu angeoa na kanzu ya kuning'inizwa dukani, na mama angekaa mbele ya wageni huku akijua hivyo.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa kutafuta njia fupi, alisema kanzu yake ya zamani ipelekwe Arusha. Huko kuna mashine za kisasa, wanapiga picha tu, wananakili. Mama alikuwa kwenye mkeka wake mlangoni, anachambua maharage kwa vidole.

"Sawa," akasema. "Mpelekeni na bwana harusi mwenyewe, wamnakili."

Habari ya Arusha ikaishia hapo.

Mtaa wa pili kuna fundi wa redio, mzee kunizidi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimwendea na hasira zangu zote na yeye akazisikiliza kama anavyosikiliza redio inayokoroma, kichwa kimeinama. Akaja na bisibisi mbili tu mfukoni. Tulipofungua kifuniko tukakuta vumbi jekundu la Karatu limelala humo kiasi cha kuoteshea mchicha. Nikalifuta kwa brashi ya kupakia rangi. Akaangaza tochi, akapita polepole juu ya bodi, akasimama kwenye kitu kimoja cheusi, kinene kama biskuti, ambacho juu yake pamechorwa saa ndogo ya kengele.

"Hii ndiyo saa yake, dada," akasema. "Ndiyo inayokumbuka mambo yote umeme ukizimwa. Betri yake imo humo humo, wameizika ndani ya plastiki. Basi imekufa."

"Si tubadilishe betri?"

"Hawakuweka mlango."

Alisema kupata nyingine ni bahati, na hata hizo zinazouzwa mpya zina umri ule ule, nyingi zimefia kwenye pakiti. Njia iliyobaki ni kuichimba pembeni mpaka tufikie chuma cha betri, halafu tuipe betri ya nje. Hakuwahi kufanya. Aliwahi kusikia tu. Akaomba alale alifikirie jambo hilo. Tukaingiza bisibisi chini ya chipu hiyo ya saa, huku kidogo na kule kidogo, mpaka ikang'oka kwenye soketi yake bila kuvunjika. Nikaiweka kwenye kisosi dirishani, na yeye akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, nikatoka mapema kwenda kuangalia mbuzi wa harusi. Kabla sijaondoka nilimweleza mama yote: kwamba tatizo si kubwa, ni betri tu imekufa, na iko pale dirishani. Nilimweleza ili atulie. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na nalikubali.

Niliporudi, kisosi kilikuwa kitupu.

"Mama, ile betri ya kompyuta?"

"Nimeianika," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekutangulia kazi.

Msomaji aliyekulia na redio ya betri hahitaji kuelezwa. Betri za tochi zikichoka unaziweka juani, juu ya bati au juu ya jiwe, na jioni unapata taarifa ya habari na salamu mbili tatu kabla hazijachoka tena. Mama amelea watoto saba kwa betri za kuanika. Betri imekufa, jua linawaka, mwanangu anaoa, angekaa tu? Akapapasa dirishani, akaichukua, akaipeleka uani na kuilaza kwenye ungo, katikati ya maharage.

Uani tunafuga kuku.

Nilikimbia. Nilikuta ungo umepekuliwa, maharage yametapakaa, na chipu iko chini mavumbini, tumbo juu, kama mende aliyepigwa ndala. Nikaiokota, nikaihesabu miguu. Soketi yake ina matundu kumi na mawili kila upande, nilikuwa nimeyahesabu jana. Chipu mkononi mwangu ilikuwa na miguu kumi upande huu na minane upande ule, na kadhaa imepinda. Sita haipo. Karibu yangu alisimama mtetea mwekundu, mlafi anayejulikana mtaa mzima, ananiangalia kwa jicho moja.

Nilisema neno ambalo halisemwi mbele ya mama mkwe. Alilisikia. Halafu nikaenda mbele dukani nikamwambia mume wangu aache wateja aje na kisu.

Tulimchinja yule mtetea saa hiyo hiyo. Mama hakukubali mtu mwingine apasue firigisi. Aliiomba akaipasua mwenyewe, akapekua kwa vidole vile vya kuchambua maharage. Tukapata mchanga, punje za mahindi, na kifungo cha shati ambacho nilikitambua. Miguu ya chipu hakuna. Tukafuata utumbo wote, mimi nikiwa nimeshika tochi mchana kweupe. Hakuna. Nikampika kwa hasira na pilipili nyingi.

Mezani mama hakula. Alishika tonge, akalirudisha.

"Nimemharibia mjukuu wangu," akasema.

Hasira yangu ikaniishia papo hapo. Miaka mingi ya kuishi na mtu huyu, nimemwona akizika mume, nimemwona akipoteza macho, na sijawahi kumsikia akisema sentensi ya namna hiyo. Nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeacha kitu dirishani. Alitikisa kichwa. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu ya lile neno la uani kuliko kwa sababu ya chipu.

Fundi alikuja baada ya alasiri. Nilimkabidhi chipu kama mtu anayekabidhi maiti, nikamsimulia habari ya jua, ungo na kuku. Aliigeuza, akaivuta karibu na miwani, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akavua miwani.

"Dada, miguu hii haijaliwa. Ilitoka kiwandani hivi hivi. Hiyo sita wameikunja kwa juu, ndani ya plastiki. Miwili ndiyo inayokwenda kwenye betri. Nilisahau kukuambia." Akajifuta machozi. "Huyo kuku mmemwonea."

Kutoka kwenye mkeka nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu: mama anacheka. Alicheka huku amejishika tumbo, akatutaja sote na tochi yetu juu ya utumbo, akacheka tena, kisha akauliza kama katika sufuria kumebaki paja. Lilikuwepo.

Kazi yenyewe ilianza hapo. Fundi alichukua kalamu nyeupe akatia alama mbili pembeni, upande ule wa miguu minane, halafu akanisogezea chipu.

"Mkono wangu siku hizi hautulii. Wewe unayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, ifanye wewe."

Nilichukua dukani tupa ndogo, ile ya kunolea misumeno, nikaanza kusugua. Plastiki ile ngumu! Ilitoa unga mweusi wenye harufu ya nywele zilizoungua, na kila baada ya muda fundi aliupuliza kidogo na kusema, "Bado." Nilisugua mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Kisha kukatokea nukta moja inayong'aa kama jino la dhahabu, na baada yake ya pili. Tukazikata ziachane na betri iliyokufa, ili maiti isinyonye aliye hai. Maneno hayo ni ya fundi. Akawasha chuma chake cha kulehemu. Umeme ukakatika. Tukanywa chai. Umeme ukarudi. Nikabandika waya mwekundu kwenye nukta moja na mweusi kwenye nyingine, kwa tone la risasi dogo kama chembe ya mtama, na ncha zao tukazifunga kwenye betri bapa ya mviringo, aina ya zile zinazokaa kwenye rimoti ya gari. Miguu iliyopinda niliinyoosha kwa kibanio changu cha nyusi. Halafu tukaikalisha chipu kwenye soketi, alama kwa alama, na nikaikandamiza kwa vidole gumba viwili huku nasoma bismillahi kwa sauti.

Kompyuta ikawaka. Ikauliza maswali yake. Namba za diski nilizisoma kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski yenyewe, nikaziingiza moja moja. Nikaingiza na tarehe, na saa. Nikahifadhi. Ikajizima, ikajiwasha, na safari hii haikuuliza kitu.

"Bado usifurahi," fundi akasema. "Chomoa waya ukutani. Iache."

Nikachomoa. Nikaenda kusonga ugali kwa watu ambao walikuwa wameshiba kuku. Sijui nilifanya nini kingine. Najua tu kwamba nilipita mbele ya mlango ule mara nyingi bila sababu. Adhana ya magharibi iliposikika nikaswali, haraka kuliko inavyopendeza, nikarudi nikachomeka. Kioo kikawaka. Tarehe ile ile ya leo. Saa ilikuwa nyuma ya muadhini kwa dakika mbili, na hilo niliwaachia wao wawili.

"Imekumbuka!" nikapiga kelele.

"Jua limesaidia," mama akasema kutoka kwenye mkeka.

"Limesaidia sana, mama."

Asubuhi iliyofuata nikafungua nakshi. Ikajichora kwenye kioo kwa mistari ya kijani, mshono juu ya mshono, kutoka ukosini, ikizunguka shingo, ikishuka kifuani kwenye mpasuo. Nilifurahi kama mtu aliyepokea barua. Nikaifuata kwa macho mpaka chini kabisa, na pale chini furaha yangu ikapungua kidogo, kwa kuwa nilijua ninachokwenda kukiona.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Nakshi ya mama inamalizika kwa vifundo saba vilivyopangwa mstari. Zile wiki tatu tulipokuwa tunaiandika, tulipofika mwishoni, mama aliitwa msibani Kondoa, akaniachia kile kipande cha mwisho nikimalize mwenyewe. Mashine ilikuwa ikikata uzi kila ikifika kifundo cha saba. Nikajaribu mara kumi. Kisha nikakifuta, na mahali pake nikaweka kimstari kidogo cha pembe-pembe, pembe tano tu, kama kile ambacho mama yangu mzazi alikifuma ukingoni mwa vikapu vyake kule Endabash, kama kile nilichokuja nacho nilipoolewa. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa bado mgeni katika nyumba hii, yule Mmbulu aliyesilimu ili aolewe, ninayesahihishwa hata namna ya kukuna nazi. Nilijiambia mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya uzi kukatika. Mama aliporudi alipitisha mkono kwenye kanzu ya majaribio, akasema, "Vizuri," na basi. Tangu hapo wanaume wote wa ukoo wameoa na alama ya mama yangu chini ya koo, ndogo kuliko kucha, na hakuna aliyejua.

Miaka yote ile alama hiyo ilinipa raha ya siri. Asubuhi ile niliiona kama wizi. Nilimkumbuka mama na tonge lake, akisema amemharibia mjukuu wake, na mimi hapa ndiye niliyemharibia nakshi muda wote huo bila kusema. Nikakifuta kile kimstari. Nikachora kifundo cha saba mahali pake, kama alivyokitaka yeye, nikapunguza mwendo wa mashine mpaka ikawa inatembea kama mgonjwa, na uzi haukukatika. Hariri nyekundu juu ya kitambaa cheupe. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeishona nakshi yake kamili.

Mama alinawa mikono kabla ya kuipokea kanzu. Akaitandaza mapajani, akaanza ukosini kwa kidole cha shahada, midomo ikihesabu: tatu kulia, moja chini, rudi. Nilikaa chini pembeni yake. Mume wangu alikuja akasimama mlangoni na kufuli ya mteja mkononi. Kidole kikashuka kifuani, kikafika kwenye vifundo, kikapita kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Kile cha kwenu."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nilimwambia nimekitoa. Nilimwambia nilikiweka bila ruhusa, zamani, na sasa nimemrudishia nakshi yake ilivyokuwa.

"Yangu ipo hapa," akasema, akagusa kichwa chake. "Ningeitaka hiyo, si ningemtajia fundi yeyote wa Arusha."

Akaigeuza kanzu ndani nje, akatafuta kwa ukucha mahali uzi ulipofungwa, akanishika mkono na kukibandika kidole changu hapo hapo.

"Fumua," akasema. "Mjukuu wangu ana bibi wawili."

Niliinuka kutafuta wembe, machozi yananitoka mbele ya mume wangu na kufuli yake, nikarudi nikaketi, nikaanza na kifundo cha saba.